Shingo ya Margareta

Margareta alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na katika miaka hiyo yote watu walioiona shingo yake upande wa kushoto ikiwa wazi walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kazi yake ilimsaidia kuificha. Alikuwa fundi cherehani, magauni yake akiyashona mwenyewe, na kila gauni alilitia kola ndefu iliyopanda hadi chini ya sikio. Wateja wake pale Shirimatunda walidhani ni mtindo tu. Wengine walimwomba awashonee kama lile, naye akawashonea bila kusema neno.

Chini ya kola hiyo palikuwa na kovu. Lilianzia nyuma ya taya na kushuka hadi karibu na mfupa wa bega, nene kama kidole gumba, jeusi katikati na lenye wekundu pembeni, likiwa linang'aa kana kwamba limepakwa mafuta. Jinsi alivyolipata alijua kama anavyolijua jina lake. Akiwa na miaka minne, kule kwao Kilema, kaka yake Kornel mwenye miaka saba alipita jikoni akikimbia, akalikwaa sufuria la uji lililokuwa mafigani, na uji ukammwagikia mdogo wake. Margareta hakuikumbuka siku yenyewe. Aliijua kwa kusimuliwa na mama yao, mara nyingi na kwa maneno yale yale, hata ikawa kama aliiona kwa macho yake.

Kornel hakuhitaji kusimuliwa. Tangu siku ile hakuwahi kumpandishia mdogo wake sauti. Walipokuwa shule alimbebea kuni za zamu yake. Alipomaliza darasa la saba, baba yao mdogo aliyekuwa Arusha alijitolea kumchukua akasome sekondari. Kornel alikataa. Alisema hawezi kumwacha Mage, kwa maana watoto wangemcheka shingo na hakuna wa kumtetea. Akabaki kwenye migomba na mibuni ya baba yake. Mavuno yake ya kwanza ya kahawa yalimpeleka Margareta kwa masista kujifunza ushonaji, na cherehani ya kwanza ya Margareta ilitoka mkononi mwa Kornel. Baba yao alipofariki na wazee wa ukoo wakakaa kugawa kihamba, shamba la ukoo, Kornel alisimama mbele yao na kusema kwamba Mage apewe kipande cha chini karibu na mfereji. Wazee walimkumbusha kuwa binti hupata ardhi kwa mume wake. Kornel alijibu, "Mimi ndiye niliyemharibia shingo." Hakuna aliyebisha tena.

Hata baada ya Margareta kuolewa, kuzaa na kufiwa na mume, Kornel hakuacha. Kila baada ya wiki mbili aliteremka mjini na mkungu wa ndizi za mchare na maziwa ya mgando kwenye dumu dogo. Angeketi kwenye benchi la wateja, amsikilize mdogo wake akilalamika juu ya vitambaa vibovu na wateja wasumbufu, halafu arudi zake mlimani. Margareta alipokea yote hayo kama mtu anavyopokea mvua za masika. Hakuwahi kukaa akafikiri kwa nini zinanyesha.

Mwaka juzi kovu lilianza kuwasha. Mwanzoni lilimwasha jioni tu, baadaye likawa linamwasha hata akiwa katikati ya kushona, na kila alipoinamia cherehani ngozi ilivuta kama uzi uliokazwa kupita kiasi. Alipojipima kwa utepe wake wa kazi aliona limeongezeka. Si kwamba hakuwa amejaribu dawa. Kwa miaka mingi alikuwa amepaka mafuta ya nazi, asali, kitunguu kilichosagwa, na mara moja krimu aliyouziwa mnadani ambayo ilimchubua akalia siku tatu. Kornel naye aliwahi kumletea majani fulani kutoka msituni, akayatwanga mwenyewe na kumpaka. Hakuna kilichosaidia, naye alikwisha kukata tamaa.

Aliyemtoa kwenye hali hiyo ni Hadija wa Pasua, mama aliyekuwa akimletea vitenge vya jumla. Siku moja Hadija alimkuta anajikuna chini ya kola kwa ncha ya rula ya kukatia. Hakuuliza maswali mengi. Alisogeza mtandio wake akamwonyesha ndewe ya sikio. Alimweleza kwamba pale palikuwa pameota uvimbe kama njugu mawe baada ya kutoga upya kwa ajili ya harusi ya mwanawe, na kwamba kwenye kliniki ya ngozi walimdunga sindano mara nne, uvimbe ukanywea. Margareta aligusa ndewe ile. Ilikuwa na alama ndogo tu, laini.

"Nenda, dada," Hadija alimwambia. "Usikatwe ovyo mitaani, linarudi kubwa zaidi. Nenda wakalione wanaojua."

Kornel aliposikia, aliacha kazi za shamba akaja kumsindikiza. Ila siku hiyo kliniki ilikuwa na watu wengi, na mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kuingia. Kornel alibaki nje, kofia mkononi, na Margareta akaingia peke yake.

Daktari aliitwa Ronald, kijana mwembamba mwenye miwani, aliyemwamkia shikamoo kabla hajamwomba afungue vifungo. Alilishika kovu kwa vidole viwili, akalibonyeza, akalisogeza huku na huku. Alimwuliza lilitokana na nini. Margareta akatoa hadithi ya uji. Daktari hakuandika. Alichukua taa ndogo, akaimulika ngozi kwa ubavu, akainama akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamwomba amwonyeshe bega na mgongo.

Juu ya bega, nyuma kidogo, palikuwa na baka pana kama kiganja, jepesi, lenye rangi iliyofifia. Margareta alikuwa hajaliona kwa miaka mingi, kwa kuwa mtu hatazami mgongo wake.

"Hili hapa ni la uji, mama," daktari alisema akiligusa. "Huku juu, sina hakika."

Alimweleza taratibu. Kitu cha majimaji kinapounguza hutiririka na kutanda, alama yake huwa pana kama ile ya begani. Lakini la shingoni lilikuwa na vishimo vitatu vilivyovutwa kwenda ndani, vimeshikana na nyama ya chini, na katikati yake palipita mstari ulionyooka wenye vidoti pande zote mbili. Vidoti vile ni alama za nyuzi. Mtu aliwahi kupasuliwa hapo akashonwa, na juu ya mshono ndipo kovu nene lilipoota. Aliuliza kama utotoni aliwahi kuugua tezi za shingo, au kama aliwahi kudungwa sindano kila siku kwa muda mrefu.

Margareta alisema hapana. Halafu akakumbuka benchi.

Lilikuwa benchi la mbao lililomkwaruza mapaja. Palikuwa na harufu ya spiriti, sista mmoja mwenye mikono ya baridi, na mama yake akimpa ndizi kisukari aimenye mwenyewe ili asilie. Haikuwa mara moja. Walikuwa wakienda kila asubuhi, kukiwa bado na umande. Siku zote alijua kwamba zile ni sindano za kuungua. Sasa, akiwa amekaa pale na vifungo wazi, alijiuliza ni nani anayedungwa miezi kwa ajili ya uji.

"Zilikuwa nyingi," alimwambia daktari.

Daktari alisema kifua kikuu hakikai kifuani peke yake, hukaa hata kwenye tezi za shingo, zikavimba na kupasuka, na kwamba zamani wagonjwa walidungwa kila siku. Akasisitiza kwamba hawezi kuapa. Miaka karibu hamsini imepita na kovu si karatasi ya hospitali. Ila kabla ya kumwanzishia matibabu alitaka picha ya kifua na vipimo vya damu, ahakikishe hakuna kilichobaki mwilini. Majibu yalitoka wiki iliyofuata yakiwa safi, na sindano ya kwanza ikaingia ndani ya kovu lenyewe. Iliuma kama kuumwa na nyuki kumi mahali pamoja. Alipewa na plasta ya silikoni, ngozi fulani laini kama jeli, ya kubandika saa nyingi kila siku, akafundishwa kulikanda kovu kwa vidole asubuhi na jioni. Daktari hakumdanganya. Alisema litashuka, litalainika, litaacha kuwasha, lakini halitafutika.

Siku ile ya kwanza, alipotoka nje, Kornel alisimama haraka akamwuliza wamesemaje. Margareta alimjibu kwamba linatibika kwa sindano, kila mwezi mara moja, baada ya vipimo. Hayo tu. Kornel alifunga macho akavuta pumzi ndefu, akasema kila misa ya Jumapili amekuwa akiliombea jambo hili. Margareta alitazama chini. Kichwa chake kilikuwa kimejaa kama gunia lililoshindiliwa, na hakujua aanze kutoa kipi.

Usiku haukumsaidia wala mchana haukumsaidia. Alikata suruali ya mteja mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Alishona mfuko ndani nje. Kila alipojitazama kwenye kioo cha wateja aliona ule mstari na vidoti, na akashangaa amewezaje kuishi navyo nusu karne bila kuviona. Halafu akajisemea kwamba huenda daktari amekosea, ni kijana, naye mwenyewe amesema haapi. Halafu akalikumbuka benchi.

Mama yao alikuwa amekwisha kufa. Aliyebaki kwenye kizazi kile ni mama mdogo Monica, mdogo wake mama, ambaye siku zile alikuwa msichana akiishi nao pale nyumbani kusaidia kulea. Margareta alipanda Kilema siku ya Alhamisi, akijua Kornel atakuwa kwenye kikao cha ushirika, akamkuta mama mdogo barazani anachambua maharage kwenye ungo. Alimwamkia, akaketi, akachukua maharage kidogo akayachambua naye. Alipoona hawezi kuzunguka zaidi, alifungua kola.

Alimwambia kwamba daktari amesema si uji.

Mama mdogo hakushtuka. Aliuweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Uji ulikuwapo," alisema. "Kornel aliumwaga, ni kweli. Ulikumwagikia begani."

Kisha akasimulia, akisimama kila mahali kana kwamba anakanyaga mawe ya mtoni. Shingo ya mtoto ilikuwa imeanza kuvimba wiki kadhaa kabla ya uji. Baba yao mkubwa alikuwa amekufa kwa kukohoa damu mwaka uliotangulia, na watu walikwisha kuanza kuiogopa nyumba. Kwenye sherehe waliwatengea kata yao peke yao ya kunywea pombe ya mbege. Maziwa yao hayakupata mnunuzi. Mama alipoona ile shingo alijua, na akajua kwamba watu wakijua, hakuna hata mmoja wa watoto wake atakayeoa au kuolewa. Ndipo Kornel akamwaga uji. Siku ya pili yake mtoto alipelekwa hospitali ya misheni, akapasuliwa shingo, akarudi na bandeji kuanzia sikioni hadi begani.

"Bandeji ilikuwa moja," mama mdogo alisema. "Watu walipouliza, mama yako aliwaambia uji. Hakudanganya sana. Alinyamaza nusu."

"Na Kornel?"

"Kornel alikuwa mtoto. Aliona bandeji kubwa, akaamini yote ni yake. Mama yako alisema atamwambia akikua."

Margareta aliuliza kwa nini hakumwambia. Mama mdogo aliupakata tena ungo. Alisema kwamba Kornel kabla ya hapo alikuwa mtoto mtundu sana, mkaidi, wa kupigwa kila siku, na kwamba baada ya uji alibadilika akawa mpole, msaada wa nyumba nzima. Mama yao aliwahi kumwambia yeye, mdogo wake, jioni moja wakikamua ng'ombe, kwamba mtoto amekuwa mzuri mno, amwache kwanza hivyo hivyo. Baadaye ikawa ni muda mrefu sana umepita. Baadaye akafa.

Margareta alirudi mjini akiwa hajui amkasirikie nani. Mama alikuwa ameilinda nyumba, hilo alilielewa. Yeye mwenyewe aliolewa, huenda kwa sababu ya uongo ule. Lakini aliyeulipia ni mtoto wa miaka saba, na hakuna aliyemwambia. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo lilimuuma zaidi kila alipoligusa. Kama shingo si ya Kornel, basi cherehani ni ya nini? Kipande cha karibu na mfereji ni cha nini? Mikungu yote ile ya mchare? Amekuwa akila kitu cha nani miaka yote hii? Na akimwambia, Kornel ataendelea kuja? Aliona aibu kwamba swali hilo ndilo lililomtia hofu kuliko mengine yote.

Alimweleza Hadija, bila kutaja jina la ugonjwa mwanzoni, halafu akalitaja. Hadija alifikiri akiwa ameshika jora la kitenge kifuani. Alisema asimwambie kamwe. Mwanamume yule amekwisha kupata amani, anaona dada yake anapona, ya nini kumvuruga uzeeni. Margareta alikubaliana naye, akalala vizuri siku mbili. Siku ya tatu Hadija alirudi bila hata kitenge kimoja. Alisema amefikiri upya, kwamba mtu amebeba mzigo usio wake na wewe unamwona, unakaa kimya, hapo na wewe umemwongezea. Margareta alimwuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Hadija alisema kwa kweli hata yeye sasa hajui.

Sindano ya pili ikapita, na ya tatu. Kovu lilianza kushuka kama daktari alivyosema. Kuwasha kuliisha kwanza. Kisha kingo zake zikalainika, wekundu ukapungua, na alipoinamia cherehani shingo haikuvuta tena. Kornel alipokuja na ndizi zake alimwomba afungue kola aone. Alitazama kwa karibu, mdomo wazi kidogo, hakugusa.

"Mage," alisema, "sasa hata nikifa leo nitakufa nikiwa mwepesi."

Ni maneno hayo yaliyomaliza mjadala ndani ya Margareta. Haikuwa kwamba ameona lililo sahihi. Hakuona chochote. Aliona tu kwamba hawezi kuyasikia mara ya pili.

Jumapili iliyofuata alipanda Kilema, akasali misa ya pili, akaenda kwa kaka yake. Gladness, mke wa Kornel, alikuwa jikoni anapika mtori. Kornel alikuwa nyuma ya nyumba kwenye vichanja, anageuza kahawa kwa mikono na kuchagua mbovu. Margareta alisimama upande wa pili wa kichanja akaanza kuchagua naye. Akamweleza yote, kwa mpangilio kama alivyoyapata: daktari, vidoti, benchi, mama mdogo. Hakupamba wala hakulia. Kornel aliendelea kuchagua kahawa hadi mwisho.

"Nilikusikia ukilia," alisema hatimaye. "Niliona ngozi ikitoka."

"Begani, kaka."

"Mimi niliona shingo."

Margareta alifungua vifungo vya mgongoni, akashusha gauni, akamgeuzia bega. Alihisi kidole cha kaka yake, kigumu kwa jembe, kikipita juu ya lile baka lililofifia. Kilizunguka pembeni yake polepole, mara moja, kama mtu anayepima shamba dogo.

"Kumbe ni hili tu," Kornel alisema.

Gladness aliwaita waje kula. Kornel alikula mtori wake wote, akauliza habari za bei ya vitambaa, akamsindikiza mdogo wake hadi barabarani. Margareta alimtazama usoni akitafuta hasira au nafuu, asione hata moja. Ilikuwa sura ya mtu aliyeamshwa ghafla na ambaye bado hajajua yuko nyumba gani.

Wiki mbili zilipita, Kornel hakuja. Zikapita nyingine mbili. Margareta alijiambia ni msimu wa kahawa, ingawa alijua kwamba misimu mingine yote ya kahawa alikuja. Alinunua ndizi sokoni kwa mara ya kwanza tangu aanze kuishi mjini, akakosea akachukua aina isiyofaa kupika. Alimpigia Gladness simu. Gladness alisema hata yeye haelewi. Kuna siku Kornel anaimba peke yake shambani, na kuna siku hataki kusemeshwa. Jumanne moja alivaa nguo zake za kanisani akapanda basi kwenda Arusha, akarudi jioni ile ile. Alipoulizwa alikwenda kufanya nini, alisema alikwenda kuiona ile shule. Wakamwuliza shule gani. Akasema ile ya sekondari, bado ipo, wameipaka rangi ya bluu.

Margareta alikata simu akakaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Alijiona amefanya kosa kubwa. Dakika chache baadaye akajiona hajafanya kosa lolote. Alishinda hivyo mchana kutwa.

Kornel alikuja wiki ya sita, bila ndizi. Chini ya kwapa alikuwa na kitambaa cha kaunda suti, rangi ya kijivu, alichokinunua mwenyewe. Alisema anataka suti ya kuvaa kwenye ubatizo wa mjukuu wake. Margareta alimpima, akiogopa kuuliza chochote. Alipofika kifuani, Kornel akasema kwa sauti ya chini kwamba amemfikiria mama. Amejaribu kumkasirikia na imemshinda, kisha amejaribu kumsamehe, nako kumemshinda, basi ameacha kwanza.

Margareta naye akasema lililomkaa kooni, kwamba kipande cha karibu na mfereji yuko tayari kukirudisha.

"Kwani nilikupa kwa sababu ya shingo?" Kornel aliuliza. Alikunja paji la uso. "Nilisema hivyo mbele ya wazee. Lakini sijui. Labda ningekupa tu. Nitajuaje mimi sasa kwamba ningekuwa mtu wa namna gani?"

Margareta aliandika vipimo vyake kwenye daftari, na Kornel akaenda zake.

Alirudi Jumamosi kuchukua suti. Aliivaa mbele ya kioo, akajigeuza kushoto na kulia. Wakati huo Margareta alikuwa amevaa gauni lenye shingo ya duara, la kwanza maishani, na tangu asubuhi wateja watatu walikuwa wamekuja na kuondoka bila hata mmoja kusema neno. Kovu lilikuwapo, bapa, limeiva rangi ya kahawia, na hakuna aliyelitazama mara mbili. Hata hilo lilimchanganya, maana alikuwa amejiandaa kwa maswali.

"Kola imepinda," Kornel alisema.

Margareta alisogea akatazama. Akasema haijapinda.

"Imepinda, Mage. Upande huu umepanda. Wewe siku hizi unashona haraka haraka."

Kwa miaka arobaini na saba kaka yake hakuwahi kumwambia kwamba amekosea jambo lolote. Alipounguza ugali aliula akausifu. Alipomchagulia mwanawe wa kiume jina ambalo ukoo mzima ulinung'unikia, alimtetea. Margareta alihisi uso ukipata joto. Alijibu kwamba labda bega lake ndilo limepinda kwa kubeba mikungu. Kornel alisema bega lake ni zima, fundi ndiye mbovu, na kwamba kama hataki kurekebisha ataipeleka kwa fundi wa Pasua. Walibishana hivyo, sauti zikipanda, hata jirani wa duka la pili akachungulia kuona kuna nini.

Mwisho Margareta alichukua utepe akapima pande zote mbili za kola. Upande mmoja ulikuwa umezidi, si sana, upana wa punje ya mchele.

Alimvua koti, akakaa kwenye cherehani akaanza kufumua mshono. Macho yake yalikuwa na maji, naye hakuweza kujua kama ameumizwa au amefurahi. Kornel aliketi kwenye benchi la wateja akiwa na fulana yake, akajikohoza, akasema hana haraka.